Fahamu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa na njia zilizo wazi kwa wasanii na watafiti wa Shinyanga na Geita

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimu jamii katika utawala wa Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Michoro hiyo ilichorwa kwenye kuta za ndani za nyumba za chama, mahali ambapo wanachama wapya walifundishwa mambo ya jadi yao. Nyumba ya udongo haidumu. Hunyeshewa, hubomoka na kujengwa upya, na mchoro huondoka pamoja na ukuta wake. Michoro aliyoiandika Cory inajulikana leo kwa sababu alikuwapo mtu aliyekuwa na muda, posho na idhini ya kwenda kutazama, kuuliza na kuandika. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mfano huo wa Usukuma unasaidia kujibu swali ambalo baadhi ya wananchi huuliza kila zinapotangazwa fedha za sanaa: kwa nini msanii asaidiwe, ilhali kazi yake ni biashara kama biashara nyingine? Jibu ni kwamba sehemu ya kazi ya sanaa ni biashara na sehemu nyingine siyo. Kila sehemu inahitaji aina yake ya fedha.

Mfuko ulikotoka

Sera ya Utamaduni ilitangazwa mwaka 1997. Mwaka uliofuata, 1998, ulianzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania kwa makubaliano kati ya Serikali ya Tanzania na Serikali ya Sweden. Katika kipindi hicho Mfuko ulitoa ruzuku, yaani fedha zisizorejeshwa, kwa miradi ya urithi wa utamaduni, lugha na fasihi, sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi. Mwombaji aliandika andiko la mradi, likapimwa na wataalamu, na aliyefanikiwa alipaswa kutoa taarifa ya matumizi na matokeo.

Ufadhili wa nje ulipokoma, shughuli za Mfuko zilidorora. Baadaye Serikali iliufufua kwa jina la Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, chini ya Wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Kazi yake kubwa kwa sasa ni kuwawezesha wasanii na wadau wa utamaduni kupata mikopo yenye masharti nafuu kupitia benki zinazoshirikiana nao, pamoja na mafunzo ya kuendesha kazi za sanaa kama shughuli ya kiuchumi.

Mkopo na ruzuku si kitu kimoja

Mkopo humfaa msanii ambaye kazi yake ina soko linaloonekana. Tuchukue mfano wa kikundi cha bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, kilichopo Shinyanga na kinachoalikwa kwenye harusi na sherehe za kitaifa. Kikundi hicho kikikopa ili kununua ngoma, mavazi na vipaza sauti, kinaweza kuonesha mapato ya mialiko na kupanga marejesho ya kila mwezi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye studio ya muziki Kahama au fundi wa vinyago anayeuza kazi zake kwa wageni.

Mambo ni tofauti kwa mchoraji wa Geita anayetaka kukaa miezi sita na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, achore maisha yao, kisha afanye maonesho ya bure kwa wananchi. Ni tofauti pia kwa kijana anayetaka kurekodi nyimbo za kilimo kutoka kwa wazee wa Kishapu, kuzinukuu kwa Kisukuma na kuzifasiri kwa Kiswahili. Kazi hizo zina thamani kubwa kwa taifa, lakini hazina mnunuzi wa kesho asubuhi. Anayezifanya kwa mkopo huingia katika deni kabla kazi haijakamilika, na mara nyingi huiacha njiani. Kazi za namna hiyo huhitaji ruzuku, makazi ya muda ya wasanii, au nafasi ya kufanyia kazi bila kodi kubwa.

Hapo ndipo taasisi za sanaa zisizo za kiserikali zinapokamilisha kazi ya Serikali. Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2008, huwapa wasanii wa sanaa za kisasa studio, ukumbi wa maonesho na mafunzo. Kanda ya Ziwa ina mfano wake wa zamani zaidi, Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza. Chimbuko lake ni juhudi za Padri David Clement na Wasukuma walioshirikiana naye kuanzia miaka ya 1950 kukusanya vifaa, masimulizi na ngoma za jadi. Kila mwaka, katika msimu wa Bulabo, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana hapo kwa ngoma. Watafiti wa ndani na nje wamefanya kazi zao Bujora kwa sababu vitu walivyovihitaji vilikwisha kukusanywa.

Usajili ndio mlango wa kwanza

Msanii anayetaka huduma za Serikali anapaswa kwanza kutambulika kisheria. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii na wadau wa sanaa, na usajili hufanyika kwa njia ya mtandao. Kwa wanaotengeneza filamu, mamlaka husika ni Bodi ya Filamu Tanzania. Haki za kazi yenyewe husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Aliyerekodi nyimbo za wazee anapaswa kuzingatia pia haki za hao walioimba, kwa kuwaomba ridhaa na kuandika majina yao.

Mtafiti kutoka nje ya nchi anatakiwa kupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kabla ya kuanza kazi. Kwa mwananchi wa kawaida, mtu wa kumwona kwanza ni Afisa Utamaduni wa halmashauri yake, ambaye hutoa maelekezo na barua za utambulisho.

Aidha, vikundi vya wasanii vinavyoundwa na wanawake, vijana au watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Masharti ni kikundi kusajiliwa, kuwa na akaunti ya benki na kuwa na mradi unaoeleweka.

Sheria ya Madini inataja utamaduni

Mikoa ya Shinyanga na Geita ina fursa nyingine ambayo mikoa mingi haina. Almasi imechimbwa Mwadui tangu mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Msalala, mwaka uliofuata. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, Sura ya 123, kama kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka mmiliki wa leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, unaokubaliwa kwa pamoja na mamlaka ya serikali za mitaa. Sheria inaelekeza kwamba mpango huo uzingatie shughuli za mazingira, jamii, uchumi na utamaduni, kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri.

Neno utamaduni, kwa hiyo, limo ndani ya sheria. Hata hivyo, vipaumbele vya halmashauri hutokana na yale yanayoibuliwa na wananchi wenyewe. Zahanati, madarasa na maji huibuliwa kila mwaka kwa sababu uhitaji wake unaonekana kwa macho, na ni haki vitangulie. Lakini ukumbi mdogo wa maonesho, chumba cha kuhifadhi rekodi za wazee au posho ya mtafiti kijana haviwezi kuingia katika mpango ikiwa hakuna aliyevitaja katika mkutano wa kijiji au wa mtaa. Wasanii wengi husubiri tangazo la fedha, ilhali uamuzi wa fedha hizo hufanyika miezi kadhaa kabla, katika mikutano ambayo wao hawakuhudhuria.

Wasanii na watafiti wa Shinyanga na Geita wanashauriwa kuchukua hatua nne: kujisajili BASATA, kuamua mapema iwapo kazi wanayoikusudia inafaa mkopo au inahitaji ruzuku, kumwona Afisa Utamaduni wa halmashauri wakiwa na andiko fupi lenye gharama halisi, na kuhudhuria mikutano ya kuibua vipaumbele kabla ya bajeti kufungwa.

Dhahabu ikishachimbwa hairudi ardhini. Wazee wanaozijua nyimbo za jembe nao wanapungua mwaka hadi mwaka, na nyimbo ambazo hazijarekodiwa wakati wenyewe wakiwa hai hazitapatikana tena kwa bajeti yoyote.