Bunduki ya upepo: Ukiitengeneza, linda macho, mapafu na damu yako

Kila fundi ana kovu lake. Seremala ana kidole kilichoguswa na msumeno, na mchomeleaji ana macho yaliyowahi kulia usiku kucha kwa sababu ya mwanga wa moto. Wewe ambaye burudani yako ya Jumamosi ni kufungua bunduki ya upepo, kuisafisha, kubadilisha mpira uliochakaa na kuipima kwa shabaha ya karatasi, huenda hujaona kovu lako bado. Sababu ni kwamba madhara mengine ya kazi hii hayaonekani kwenye ngozi. Hukaa ndani ya damu na mifupa.

Wapo watu wanaoidharau bunduki hii. "Ni ya upepo tu," husema, kana kwamba upepo hauna nguvu. Lakini bunduki ya upepo si mchezo wa jana. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za aina hiyo zilizobuniwa na Girardoni kuanzia miaka ya 1780, na mtungi wake ulihitaji kupigwa pampu takriban mara 1,500 ili ujae. Leo mchezo wa kulenga shabaha umbali wa mita 10 kwa bunduki ya upepo umo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1984. Kwa hiyo ni kifaa cha heshima, na chenye kuheshimiwa hakichezewi.

Jambo la kwanza kabisa ni sheria. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ipo Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Usitegemee neno la muuzaji wala la rafiki. Uliza kwanza, pata jibu kwa maandishi, ndipo ununue au ufungue bisibisi yako. Tena shabaha iwe karatasi, si njiwa wa jirani. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977.

Hewa ya Eldoret ni nyepesi

Mji wetu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa imepungua kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Ndiyo sababu wanariadha huja kufanya mazoezi huku na kule Iten: mwili hulazimika kuongeza chembe nyekundu za damu ili uweze kubeba oksijeni ya kutosha.

Bunduki haina damu ya kuongeza. Ile ya springi, ambayo pistoni yake husukuma hewa iliyomo ndani kwa ghafla, huku juu hupata hewa haba ya kusukuma. Kwa hiyo bunduki iliyokuwa ikifanya vizuri pwani inaweza kupoteza nguvu kidogo ikifika Eldoret. Fundi asiyelijua hili hudhani springi imechoka, akaweka nyingine ngumu zaidi, na hapo huanza kuharibu kifaa kilichokuwa kizima.

Ile ya mtungi nayo hukuchosha wewe mwenyewe. Kila mvuto wa pampu ya mkono hubeba hewa kidogo. Pale ambapo mtu wa Mombasa angepiga pampu mara 80, wewe utapiga karibu mara 100 ili kufikia kipimo kile kile. Kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ngiri, kazi hiyo si yako. Hata mwenye afya asibane pumzi anaposukuma. Pumua nje unapokandamiza, pumua ndani unapovuta, na pumzika kila baada ya mivuto michache. Pampu pia hupata joto na mipira yake huharibika upesi usipoipumzisha.

Risasi ni jina la vitu viwili

Lugha yetu imetupa onyo la bure. Neno risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu, na ni jina la madini pia. Punje nyingi za bunduki ya upepo hutengenezwa kwa madini hayo ya risasi, na madini hayo ni sumu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ikishaingia, husambaa kwenye ubongo, ini na figo, kisha hujihifadhi katika meno na mifupa kwa miaka mingi. Mama mjamzito aliyeikusanya tangu ujana anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na madhara yake kwake ni makubwa: akili kudumaa, kushindwa kutulia darasani, upungufu wa damu.

Wakenya hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu hii katika udongo na damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaipa nguvu tena hukumu hiyo mwaka 2024. Bila shaka punje zako chache si kiwanda. Lakini sumu ni ile ile, na njia ya kuingia mwilini ni ile ile: mkono, mdomo na vumbi.

Jiulize basi. Je, wewe ni mmoja wa wale wanaoshikilia punje kwa midomo huku wakilenga? Je, hula mandazi ukiwa kwenye meza ya kazi? Je, unaposugua mtutu kwa kitambaa, kile cheusi kinachotoka hukitupa wapi? Hicho cheusi kina risasi. Ukipiga shabaha ndani ya gereji iliyofungwa, punje hupondeka kwenye bamba la chuma na kuacha vumbi sakafuni, na mtoto atambaaye atalikusanya kwa viganja.

Dawa yake ni nyepesi. Punje zisiingie mdomoni kamwe. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Weka nguo moja ya kazi, na uifue peke yake. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ukifagia kavu unalirusha vumbi hewani na kulivuta. Punje zilizotumika zikusanye ndani ya mkebe wenye kifuniko. Usiziyeyushe jikoni ili utengeneze nyingine.

Dalili za sumu hii hufanana na za maradhi mengi: tumbo kusokota, kufunga choo, kichwa kuuma, uchovu, usahaulifu, hasira za ghafla. Mara nyingi hakuna dalili yoyote. Kipimo cha damu ndicho kisemacho kweli, kwa hiyo ukienda kwa daktari mwambie wazi kuhusu burudani yako. Asipojua hatauliza.

Springi na mtungi: nguvu iliyofungwa

Katika bunduki ya springi, wengi hudhani kwamba isipokokiwa haina hatari. Si kweli. Springi iliyomo ndani imekandamizwa kiasi hata ikiwa imetulia. Ukifungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi na mkono mtupu, kinaweza kurushwa usoni. Lazima kuwe na kikandamizo maalum au jiliwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ili springi iachiliwe polepole. Kama huna, peleka kwa fundi wa silaha anayeruhusiwa.

Kwa ile inayokokiwa kwa kukunja mtutu, ushikilie mtutu kwa mkono mmoja muda wote unapoweka punje. Kifyatulio kikiponyoka, mtutu hurudi kwa kasi na kuvunja vidole. Usiifyatue bila punje, kwani pistoni hujigonga yenyewe na kuharibu sili. Wala usiiache imekokiwa usiku kucha.

Mtungi una hatari ya namna nyingine. Gurudumu la gari dogo huwa na hewa ya kipimo cha bar 2 hivi. Mtungi wa bunduki nyingi hujazwa hadi bar 200, yaani mara mia. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, toa hewa yote na uhakikishe geji imerudi kwenye sifuri. Usizibe kwa kidole tundu linalovuja. Hewa ya nguvu hiyo inaweza kupenya ngozi. Mtungi wenye kutu, uliobonyea, au uliopitisha tarehe yake ya kupimwa usijazwe tena. Wakati wa mvua na baridi ya Uasin Gishu, unyevu huingia kupitia pampu na kuula mtungi kutoka ndani, mahali usipoona.

Sasa onyo kubwa kuliko yote. Katika karakana za jua kali mjini kuna mitungi ya oksijeni ya kuchomelea, na mtu anaweza kukushawishi kwamba ni njia rahisi ya kuepuka kupiga pampu. Usikubali hata siku moja. Oksijeni tupu yenye shinikizo ikikutana na grisi au tone la mafuta huwaka bila kiberiti, na mtungi unaweza kulipuka mikononi mwako. Jaza hewa ya kawaida tu, iliyo kavu na safi. Na kwenye oringi za mtungi tumia grisi ya silikoni, si mafuta ya injini wala ya kupikia.

Kwa bunduki ya springi pia, mafuta ya petroli yakizidi ndani ya silinda huwaka kwa joto la hewa inayokandamizwa. Utaona moshi na kusikia mlio mkubwa kuliko kawaida. Wengine hufurahi wakidhani wamepata nguvu. Kwa kweli wanachoma sili na kuilegeza springi.

Kurekebisha si kuongeza nguvu

Bunduki iliyorekebishwa vizuri ni ile inayopiga mahali pamoja kila mara. Hilo hupatikana kwa mambo madogo: skrubu za kitako zilizokazwa sawasawa, sili isiyovuja, springi iliyonyooka, mtutu uliosafishwa kwa kitambaa laini, na punje za aina moja.

Anayekimbilia nguvu na akumbuke hesabu hii. Punje ya nusu gramu ikienda mita 250 kwa sekunde hubeba nguvu ya karibu jouli 16, ambacho ndicho kikomo cha bunduki ya upepo isiyohitaji leseni ya silaha nchini Uingereza. Ikienda mita 300, hubeba zaidi ya jouli 22. Kasi imeongezeka kwa moja kwa tano tu, lakini nguvu imepanda kwa karibu nusu. Jirani aliye nyuma ya ua wa mabati hakuulizwa.

Kifyatulio nacho usikichezee kwa tupa. Kilicholainishwa kupita kiasi huachia kwa kutikiswa tu.

Ajali ikitokea

Vaa miwani ya kinga, wewe na kila anayetazama. Punje hurudi kutoka kwenye chuma au ukuta wa mawe, na gololi ndogo za chuma hurudi zaidi. Jicho lililotobolewa mara nyingi halirudi.

Jicho likipigwa, usilisugue, usilioshe, usijaribu kutoa kilichomo. Kata sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi safi, uifunike juu ya jicho bila kuligusa, uifunge kwa plasta, na umkimbize mgonjwa hospitalini mara moja. Asile wala asinywe, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Kidonda cha punje mwilini huwa kidogo, na udogo huo ndio unaodanganya. Punje inaweza kuingia kifuani, tumboni au kichwani, hasa kwa mtoto, huku juu kukionekana tundu kama la kalamu. Kandamiza kwa kitambaa safi ili damu isimame. Usichokoe kwa wembe wala waya. Nenda upigwe picha ya eksirei na upewe chanjo ya pepopunda. Hapa mjini kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Usipoteze saa ukitafuta dawa ya kupaka. Na ikiwa punje imebaki mwilini, mweleze daktari kama ilikuwa ya risasi au ya chuma, hata miaka kumi baadaye. Mashine ya kupiga picha kwa sumaku inaweza kuvuta chuma na kuleta jeraha jipya.

Mwisho, funga kifaa chako kabatini kwa kufuli, punje zikiwa mahali pengine, na ufunguo uwe nawe. Vijana wa nyumba wanajua mahali sukari inapofichwa. Watajua na hili. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujaketi mezani na jamaa yako.