Picha ya Jino, Habari za Mfupa

Kila siku akina mama huvuka mpaka wa Petite Barrière, kati ya Gisenyi nchini Rwanda na Goma nchini Kongo, wakiwa na mboga, unga na nyanya kichwani. Uzito huo hushukia pingili za mgongo na nyonga. Wakiwa vijana, mifupa huumudu. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hupungua, na mfupa huliwa upesi kuliko unavyojengwa. Ugonjwa huo, osteoporosi, hauumi wala hauvimbi. Wengi huujua siku wanapoteleza kidogo tu na kuvunjika mkono.

Kipimo chake rasmi ni DXA, mashine ya eksirei inayopima wingi wa madini mifupani. Ni ghali, na Afrika Mashariki hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Lakini mama huyohuyo jino likimuuma huenda akapigwa picha ya kinywa, na picha hiyo huonyesha mengi kuliko jino.

Taya la chini lina ganda gumu kwenye ukingo wake. Katika picha pana ya mataya yote, ganda hilo hupimwa chini ya kitundu cha neva kilicho karibu na kidevu. Mradi wa OSTEODENT, ulioshirikisha vyuo vikuu vya Ulaya kikiwemo cha Manchester, ulichunguza wanawake 671 wenye umri wa miaka 45 hadi 70. Watafiti walipendekeza kwamba ganda likiwa jembamba kuliko milimita 3, mwanamke apelekwe kupimwa zaidi. Ukingo wa ndani wa ganda nao hueleza jambo: ukiwa laini ni dalili njema, ukiwa umeliwaliwa ni onyo.

Kliniki isiyo na mashine ya picha pana ina njia nyingine. Ndani ya taya mna vijiti vya mfupa vilivyofumana mithili ya wavu wa kuvulia samaki wadogo waitwao sambaza, na picha ndogo ya jino moja hutosha kuonyesha kama matundu yake ni madogo au yamepanuka. Huko Gothenburg, Uswidi, wanawake 731 walifuatiliwa kuanzia 1968. Waliokuwa na matundu mapana tayani walivunjika mifupa zaidi kadiri miaka ilivyokwenda.

Hata hivyo, vipimo vya Ulaya visihamishiwe Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, bila kujaribiwa. Miamba ya volkano kuzunguka mlima Nyiragongo hutia floridi katika baadhi ya maji, na ndiyo maana upande wa Goma kuna watu wenye meno ya madoa ya kahawia. Floridi ikizidi kwa miaka mingi, mfupa huweza kuonekana mzito pichani ilhali unavunjika kwa urahisi. Taya linaloonekana zuri halimwondolei mtu shaka.

Tena hakuna sababu ya kumpiga mtu eksirei ya meno ili kutafuta osteoporosi tu. Hoja ni kuisoma vizuri ile iliyokwisha kupigwa, kisha kuuliza maswali yasiyogharimu kitu: umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo? Mama yako alivunjika nyonga? Umetumia dawa za steroidi muda mrefu? Majibu hayo yakiandikwa pamoja na unene wa ganda, daktari wa hospitali atajua nani aanze kupelekwa kwenye DXA.