Rafiki Anayetusemea Bei

Kijana akitaka kuoa hamwendei baba wa binti peke yake, hutuma mshenga. Kila mtu barazani ajua mshenga yule ametoka upande gani, asema maneno ya nani, na mwisho atapewa nini kwa taabu yake. Lakini kijana yule yule, akiisha kuoa na kupata watoto, siku anapotaka kununua kiwanja humwambia rafiki yake kwa haraka tu: «Ndugu yangu, nitazamie mahali, unisemee na bei.» Hataji malipo, haiti mashahidi, wala haulizi rafiki huyo ana uhusiano gani na mwenye kuuza. Adhani urafiki watosha. Ndivyo wengi wapatavyo kiwanja na kupoteza rafiki. Na wengine hupoteza vyote viwili.

Jambo hili lawahusu sana watu wa kusini ya Maniema. Kasongo ni mji wa zamani wa biashara. Katika karne ya 19, siku za Hamed bin Muhammed aitwaye Tippu Tip, misafara ya kutoka pwani ilifika huko, na Kiswahili kikatia mizizi. Kabambare iko upande wa mashariki, na barabara iliyo kati ya miji hiyo miwili si rahisi wakati wa mvua. Basi mtu akaaye Kabambare, akitamani kiwanja Kasongo ili watoto wake wasome karibu, hawezi kwenda kila juma kutazama mipaka na kubishana bei. Hana budi kuazima macho na kinywa cha mwenzake aliye mjini. Kuazima hivyo si kosa. Shida huanza tunapoazima bila kusema masharti.

Tutoe mfano. Watu wake hatuwataji, kwa maana ni mfano tu. Lakini huenda msomaji akamtambua jirani yake ndani yake, au akajitambua mwenyewe.

Walikuwako wanaume wawili waliosoma darasa moja tangu utoto. Mmoja akawa mwalimu Kasongo. Wa pili akafungua duka Kabambare. Kila mmoja alimwita mama wa mwenzake «mama», na mwalimu alipofiwa na mtoto, mwenye duka alifika kwa pikipiki usiku, amelowa mvua, akakaa matangani siku tatu. Huo ndio urafiki tunaousema hapa, si urafiki wa kusalimiana sokoni.

Siku moja mwenye duka akaleta habari: «Ndugu yangu, nimeweka akiba. Nitafutie kiwanja hapo Kasongo. Bei isipite dola 2,500. Mengine nakuachia wewe.»

Mwalimu akafurahi, maana rafiki yake angekuwa jirani. Si mbali na nyumba yake palikuwa na kiwanja chenye miembe miwili na nyumba ya matofali mabichi, kilichoachwa na mzee aliyekwisha kufa. Mwana wa kwanza wa mzee huyo alitaka kuuza, akataja dola 3,000. Mwalimu akaenda jioni baada ya jioni, majuma manne. Alipima mipaka, aliongea na majirani, alikwenda mara mbili kwa mkubwa wa mtaa, akalipa nauli na vinywaji kwa fedha yake mwenyewe. Mwishowe bei ikashuka hata dola 2,400.

Katika mazungumzo hayo mwalimu aliuliza, «Na dada yenu aliyeolewa Kindu, amekubali?» Mwenye kuuza akacheka: «Dada ameolewa, hana neno tena hapa.» Mwalimu hakuridhika sana moyoni. Lakini aliogopa ya kuwa akimwambia rafiki yake, yule ataingiwa na hofu na kiwanja kitapotea. Akanyamaza.

Mwenye duka akaja, akalipa. Karatasi ikaandikwa, wale ndugu watatu wa kiume wakatia sahihi, na mkubwa wa mtaa akapiga muhuri. Jioni ile mwenye kuuza akamfuata mwalimu gizani, akamtia mkononi dola 100. «Haya ni matabishi yako, mwalimu. Umefanya kazi.» Mwalimu akakumbuka nauli na viatu vilivyokwisha. Akazipokea, wala hakumwambia mtu.

Ikapita miezi minne. Mwenye duka alikuwa amekwisha kufyatua matofali. Ndipo dada akafika kutoka Kindu pamoja na mjomba wake, akauliza ni nani aliyeuza sehemu yake. Ugomvi ukawa mkubwa. Mwenye kuuza, alipobanwa, akapiga kelele mbele ya watu wote: «Mbona mnanitazama mimi peke yangu? Hata huyo rafiki yako alikula dola 100!»

Hapo mwenye duka hakusema neno. Alitazama chini, akapanda pikipiki yake, akarudi Kabambare.

Wasomaji wapenzi, tusimame kidogo mahali hapa. Je, mwalimu alikuwa mwizi? Sivyo. Alimpunguzia rafiki yake dola 600. Kunyamaza kwake juu ya dada kulikuwa kosa, lakini kosa la mtu anayependa, na rafiki huweza kulisamehe. Zile dola 100 ndizo zilizogeuza yote. Tangu saa ile mwenye duka alianza kuhesabu upya kila jambo: «Kumbe labda bei ingalishuka zaidi. Kumbe alinificha habari za dada ili apate matabishi yake.» Zawadi ya siri hurudi nyuma, ikatia doa hata matendo yaliyokuwa safi. Wazee walisema kweli: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Basi mwenye pakacha akiona limevuja, atakosaje kumtazama mchukuzi?

Na sheria je, yasemaje? Yafaa kila mzazi aijue. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza ya kuwa ardhi ya nchi ni mali ya Dola. Kwa sheria hiyo raia hanunui udongo wenyewe, bali hupata kwa Dola haki ya kuutumia. Na haki hiyo huthibitika kwa hati ya kuandikishwa, inayotolewa na ofisi ya serikali itunzayo hati za ardhi. Karatasi ya mauzo yenye sahihi, na fishi ya mtaa yenye muhuri, ni ushuhuda mwema wa mapatano. Lakini si hati hiyo. Watu wengi huishia kwenye muhuri wa mtaa, wakidhani safari imekwisha, kumbe wako katikati ya njia. Na kijijini, kwenye mashamba yanayoshikwa kwa desturi, mtu mmoja hawezi kuuza vema pasipo wazee wa ukoo kukubali.

Tena kuna Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987. Hiyo iliwaweka watoto wa marehemu katika fungu la kwanza la warithi, nao hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike. Ndoa ya binti haimwondolei urithi wa baba yake. Kwa hiyo neno lile, «Dada ameolewa, hana neno tena,» ni neno la desturi ya wengine, wala si neno la sheria. Kumbuka pia ya kuwa vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwatawanya watu wa Maniema huku na huku. Mrithi aliye mbali si mrithi aliyekufa. Anayenunua leo na asiulize habari zake, huenda akaonana naye mlangoni kesho.

Turudi kwa rafiki zetu. Mzee mmoja aliyewapenda wote wawili akawaita barazani kwake, pamoja na ndugu wanne wa nyumba ile. Hesabu ilikuwa nyepesi: dola 2,400 kwa watoto wanne, kila mmoja 600. Dada alidai 600 zake, wala hakudai zaidi. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kula nyingi. Wakachanga, zikapatikana 500. Kukawa kimya. Mwalimu akasimama, akaweka dola 100 mkekani. Akasema, «Hizi nilizipokea gizani. Nazirudisha mchana.»

Watu wakamgeukia mwenye duka, wakingoja maneno yake. Lakini mzee akatangulia kumwuliza, «Na wewe, mwanangu, mwenzako alitembea majuma manne kwa ajili yako. Nauli alilipa nani? Ulimpa nini?»

Mwenye duka akakosa jibu. Alikuwa hakumpa kitu; hata hakuuliza. Alidhani kuuliza ni kumfanya rafiki kuwa kibarua. Akasema polepole, «Baba, sikufikiri.»

Siku ile karatasi mpya iliandikwa, nao ndugu wote wanne wakatia sahihi, dada wa kwanza. Urafiki haukufa. Mwana wa mwenye duka alikaa kwa mwalimu mwaka mzima nyumba ilipokuwa ikijengwa. Lakini hao wawili hawakusema tena habari za fedha bila mtu wa tatu kuwapo. Kidonda kilipona, kovu likabaki.

Tufanyeje basi, tusije tukafika huko? Tumfanye rafiki anayetusemea bei kuwa mshenga kamili, mwenye kujulikana. Tumwambie kwanza, mbele ya mtu mwingine: wewe ni kinywa changu, si kinywa cha mwenye kuuza, ukipewa chochote upande ule, niambie siku ile ile. Tumtajie bei ya mwisho, na neno ambalo hawezi kulikata peke yake. Tumlipe nauli yake kila anapotembea, na shukrani yake itajwe mwanzoni, hata ikiwa ni mbuzi mmoja au doti ya kitenge kwa mkewe. Naye rafiki asiwe mwepesi wa kukubali. Kama ni jirani au mdeni wa mwenye kuuza, na aseme: «Ndugu yangu, siwezi kukaa pande mbili, tafuta mwingine.» Jibu hilo laweza kuchukiza juma moja, lakini laokoa miaka. Habari mbaya izipite zote kwa mbio: afadhali kiwanja kipotee kwa sababu ya ukweli.

Tena siku ya kulipa, mnunuzi awepo mwenyewe, na warithi wote wawepo au walete idhini yao iliyoandikwa. Hapana fedha ya gizani. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika Sara aliwaomba watu wa Hebroni wamsemee kwa Efroni. Kisha akapima shekeli 400 za fedha mbele yao wote langoni, na shamba, pango na miti yake vikatajwa waziwazi. Alikuwa mgeni nchini, na wenyeji walimheshimu. Hata hivyo hakuridhika na heshima yao peke yake.

Wako watakaosema, «Kuandikiana na rafiki ni kumtukana.» Sivyo. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki huweza kuisha vivyo hivyo. Karatasi haiandikwi kwa sababu rafiki ni mwongo. Yaandikwa ili siku dada atakapofika kutoka Kindu, au mwana wa rafiki atakapouliza baada ya sisi kufa, pasiwe na mtu wa kulazimika kuapa.