Kitabu adimu cha KAR chafufuliwa kwa uchapishaji upya

KITABU cha historia ya jeshi la King's African Rifles (KAR), kilichoandikwa na Luteni Kanali H. Moyse-Bartlett na kutolewa Aldershot, Uingereza, mnamo 1956, kwa miaka mingi kilikuwa adimu. Nakala zake zilisalia maktabani na mikononi mwa wakusanyaji.

Kitabu hicho chenye zaidi ya kurasa 700 kinafuatilia jeshi hilo, lililoundwa 1902, hadi katika vita vya Ethiopia, Madagascar na Burma.

Kampuni ya Naval & Military Press ya Uingereza imekichapisha upya katika juzuu mbili.

Kwa kawaida, kazi ya aina hiyo hufanywa kwa kupiga picha kurasa za zamani na kuzichapa zilivyo, pamoja na makosa yake. Ramani kubwa zikipunguzwa, majina ya mahali huwa vigumu kusomeka. Ndiyo maana wakusanyaji wangali wanalitafuta toleo la kwanza.

Anayefaidika zaidi ni mjukuu wa askari wa Keya, ambaye sasa anaweza kufuata safari ya batalioni ya babu yake.

Hata hivyo, historia za vikosi hutegemea sana shajara za maafisa, na jina la askari wa kawaida aghalabu halimo. Hilo hutafutwa katika barua, vyeti na masimulizi ya nyumbani.