‘Shree 420’: Picha ya nyimbo yenye somo kwa mkulima wa pamba Magu

MSIMU wa pamba unapofunguliwa wilayani Magu, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huzunguka kwa miezi michache tu. Mizani ikishafungwa, wengi hurudi kwenye kukopa. Katika miezi hiyo michache biashara ya starehe hupata wateja, na matapeli nao huwa macho.

Katika miaka ya 1990 starehe hiyo ilikuwa mabanda ya video. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, hivyo mwenye deki na jenereta hakuwa na mpinzani. Picha za Kihindi, zenye nyimbo, machozi na majumba ya kifahari, zilikuwa bidhaa inayotoka haraka. Katika mwaka huohuo sheria iliruhusu wanunuzi binafsi kuingia kwenye pamba, baada ya miaka mingi ya ushirika kununua peke yake.

Miongoni mwa picha hizo, inayomhusu zaidi mtu wa soko ni ‘Shree 420’ ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1955. Kijana msomi anafika Bombay akitafuta kazi, anakosa, na kuweka rehani medali aliyopewa kwa uaminifu wake. Anaanza na kazi ya dobi, anahamia kwenye kamari, kisha anaingia kwa tajiri anayewauzia maskini ndoto ya nyumba kwa rupia 100 tu. Nyumba hazipo. Namba 420 ilikuwa kifungu cha Sheria ya Adhabu ya India kuhusu udanganyifu hadi mwaka 2024. Hapa nchini kosa la namna hiyo lipo kifungu cha 302.

Watazamaji wa Tanzania wameuona mchezo huo bila nyimbo. DECI iliwaambia watu ‘wapande mbegu’ ya fedha na kuvuna zaidi, huku mavuno ya waliotangulia yakitoka kwenye mbegu za waliofuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Ahadi za namna hiyo hupata soko pale ambapo kipato hakitabiriki. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh. 1,200 kwa kilo, na wakulima wengi wakacheleweshewa malipo. Mwaka 2020 bei ikawa Sh. 810. Mkulima wa kilo 500 aliyetarajia Sh. 600,000 aliambulia Sh. 405,000. Pengo la Sh. 195,000 ni ada, mbolea au deni la duka, na anayeahidi kuliziba kwa wiki chache husikilizwa.

Hata hivyo, picha hiyo haiishii kwenye kulia. Mwishoni kijana anawaonyesha maskini kwamba rupia 100 za kila mmoja, zikijumlishwa, ni mtaji mkubwa unaoweza kujenga nyumba za kweli. Hiyo ndiyo hoja ya chama cha msingi: tofauti kati ya ushirika na utapeli si ukubwa wa mchango, bali ni nani anashika daftari na nani ana haki ya kulifungua.

Tiketi ya picha humgharimu mtazamaji saa tatu na senti kidogo. Ndoto ya tapeli humgharimu msimu mzima. Mali bila daftari hupotea bila habari.