Ujenzi na Uendeshaji wa Seva ya Nyumbani kwa Msaada wa Akili Mnemba: Suala la Umiliki wa Maarifa

Ikisiri

Makala hii inafafanua matumizi ya programu saidizi za akili mnemba katika kujenga na kuendesha seva ya nyumbani. Hoja yake kuu ni kwamba programu hizo hupunguza sana kazi ya ujenzi, lakini haziondoi wajibu wa uendeshaji. Wajibu huo unamtaka mwenye seva awe na maarifa ambayo programu saidizi haiwezi kuyabeba kwa niaba yake. Pengo hilo linaoneshwa kwa mifano mitatu: milango ya mawasiliano katika Docker, ufutaji wa data na utunzaji wa nakala rudufu.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, kuendesha seva ilikuwa kazi ya wataalamu walioajiriwa na taasisi. Hali hiyo ilianza kubadilika bei za kompyuta ndogo ziliposhuka. Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, iliingia sokoni mwaka 2012. Mwaka uliofuata ilitolewa Docker, programu inayowezesha huduma kuendeshwa ndani ya kontena pamoja na kila inachokihitaji. Baadaye zilipatikana programu huria kama Nextcloud ya kuhifadhi faili, Jellyfin ya filamu na muziki, na Immich ya picha. Vifaa na programu vikawa vinapatikana. Kizuizi kilichobaki kilikuwa maarifa. Aliyetaka seva alilazimika kujifunza amri za Linux, anwani za mtandao na ruhusa za faili kabla ya kuona matunda yoyote.

Kizuizi hicho ndicho kilichoguswa na programu saidizi. GitHub Copilot ilioneshwa kwa watumiaji wachache mwaka 2021 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022. ChatGPT ilifuata Novemba mwaka huohuo. Mwaka 2025 zilitolewa programu kama Claude Code, ambazo hazipendekezi amri tu, bali pia huzitekeleza ndani ya mashine zinapopewa ruhusa. Hivyo basi, swali la kitaaluma limebadilika. Si tena iwapo mtu asiye mtaalamu anaweza kujenga seva, bali ni iwapo anaweza kuwajibika kwa seva aliyojengewa.

2.0 Msaada katika Ujenzi

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowashwa muda wote ili ihudumie vifaa vingine vya kaya. Katika muundo ulio wa kawaida, mfumo endeshi kama Debian huwekwa kwanza, kisha Docker, kisha huduma moja baada ya nyingine. Kila huduma huelezwa katika faili ya mipangilio inayotaja kontena, diski na milango ya mawasiliano itakayotumika.

Programu saidizi hufaa sana katika hatua hii kwa sababu mbili. Kwanza, faili hizo zina muundo unaojirudia, na mifano yake ni mingi katika matini zilizotumika kuzifunza modeli za lugha. Pili, makosa ya ujenzi hujitokeza haraka: kontena isipowaka, ujumbe wa kosa huonekana, mtumiaji huuwasilisha kwa programu saidizi, nayo hupendekeza marekebisho. Mzunguko huo hufupisha kazi iliyokuwa ikichukua siku kadhaa.

Hata hivyo, mzunguko huo una kipimo kimoja tu cha mafanikio: je, huduma imewaka? Kasoro ambazo hazizuii huduma kuwaka hupita bila kuonekana.

3.0 Kuwaka kwa Huduma si Ushahidi wa Usalama

Mfano wa kwanza unahusu Docker na ufw, programu ya kinga ya mtandao inayotumika sana katika Ubuntu na Debian. Mtumiaji huiagiza ufw ifunge milango yote isipokuwa michache. Kisha programu saidizi huandika katika faili ya mipangilio sehemu ya mlango yenye thamani "8080:80". Huduma huwaka, na taarifa ya ufw huendelea kuonesha kwamba mlango 8080 haukuruhusiwa. Hata hivyo, mlango huo uko wazi. Docker huweka kanuni zake yenyewe katika mfumo wa kuchuja mawasiliano wa Linux, na kanuni hizo huyaelekeza mawasiliano kwenye kontena kabla hayajafika kwenye kanuni za ufw. Nyaraka rasmi za Docker zinaitahadharisha hali hiyo. Suluhisho mojawapo ni kuandika "127.0.0.1:8080:80", ili mlango upokee maombi kutoka ndani ya mashine hiyo pekee.

Ruta za nyumbani mara nyingi huzuia maombi yanayotoka nje, jambo linalopunguza athari. Lakini kinga hiyo haizuii vifaa vilivyomo ndani ya mtandao huohuo, vikiwemo vya wageni, wala haifai pale ambapo mwenye seva amefungua njia ya kuifikia akiwa safarini. Tofauti kati ya mipangilio hiyo miwili ni anwani moja fupi, na zote mbili huwasha huduma.

Tafiti za uandishi wa programu zinaashiria tatizo la aina hiyohiyo. Pearce na wenzake (2022) walichunguza programu 1,689 zilizozalishwa kwa Copilot katika mazingira yaliyochaguliwa kwa sababu ya hatari zake za kiusalama, wakabaini kwamba takribani asilimia 40 zilikuwa na udhaifu. Perry na wenzake (2023), katika jaribio la washiriki 47, walionesha kwamba waliotumia programu saidizi waliandika programu zenye usalama mdogo zaidi, huku wakielekea zaidi kuamini kwamba kazi zao ni salama. Ingawa tafiti hizo hazikuhusu seva za nyumbani, matokeo ya pili yana uzito hapa: hatari ni kosa linaloambatana na kujiamini.

4.0 Uendeshaji: Mamlaka na Nakala Rudufu

Ujenzi hukamilika, uendeshaji haukamiliki. Diski hujaa, programu huhitaji kusasishwa na umeme hukatika data ikiwa inaandikwa. Katika hatua hii, kosa halipotezi muda tu, bali laweza kupoteza kitu kisichopatikana tena.

Mfano wa pili unadhihirisha jambo hilo. Amri "docker compose down" husimamisha huduma na kuondoa kontena zake, lakini data iliyohifadhiwa nje ya kontena husalia. Amri hiyohiyo ikiongezewa "-v" hufuta pia hifadhi zilizotajwa katika faili ya mipangilio. Kwa anayetafuta kosa katika huduma mpya, kufuta kila kitu na kuanza upya ni hatua ya busara. Kwa seva yenye picha za familia za miaka kumi, hatua hiyo ni msiba. Programu saidizi haiwezi kuitambua tofauti hiyo kwa kuisoma amri. Thamani ya data inajulikana na wenye data. Kwa hiyo, ruhusa ya kusoma hali ya mashine itenganishwe na ruhusa ya kuibadilisha, na amri zinazofuta zithibitishwe na binadamu.

Mfano wa tatu ni nakala rudufu. Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, inataka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Programu saidizi huweza kuandika hati ya kunakili faili kila usiku kwa dakika chache. Lakini faili za hifadhidata zikinakiliwa huku hifadhidata ikiandika, nakala yaweza kuwa na kasoro, na hati ikaendelea kutoa taarifa ya mafanikio kila usiku. Uthibitisho pekee ni kuirejesha nakala hiyo katika mashine nyingine na kuona picha zikifunguka.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba programu saidizi huhamisha kazi kutoka katika kuandika kwenda katika kuhakiki. Vigezo vitatu vinaweza kutumika kupima iwapo seva ya nyumbani inamilikiwa kweli na kaya husika. Kwanza, mwenye seva aweze kueleza ni milango ipi iko wazi na kwa sababu gani. Pili, kila badiliko liwe limeandikwa na liweze kurudishwa nyuma. Tatu, mwanakaya mwingine aweze kuzipata picha na nyaraka kwa kufuata maelezo yaliyoachwa, hata kama aliyeijenga seva hayupo na programu saidizi haipatikani.

Seva isiyotimiza vigezo hivyo yaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka. Upungufu wake utajulikana siku diski itakapoharibika, na siku hiyo kumbukumbu za kaya zitategemea maarifa ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuwa nayo.