Nyama ya Ng'ombe kwa Mtoto Mdogo: Kutoka Buchani Hadi Sahanini

Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji madini ya chuma mengi kuliko baba yake. Viwango vya lishe vinavyotumika Marekani vinamtengea mtoto huyo miligramu 11 kwa siku, wakati mwanamume mzima anatengewa miligramu 8. Akiba ya chuma anayozaliwa nayo huanza kwisha akifikisha miezi sita, maziwa ya mama yana chuma kidogo, na damu na ubongo wake vinakua kwa kasi ambayo hataiona tena maishani. Tumbo lake nalo ni dogo, halibebi zaidi ya mililita 200 hivi kwa mlo mmoja. Hawezi kujazwa ugali mpaka apate anachohitaji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinachangia, lakini chakula nacho kimo.

Nyama ya ng'ombe ni moja ya dawa za tatizo hilo, na Nyanungu, mashariki mwa Tarime, jirani na mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, si mahali pa kukosa ng'ombe. Ila ng'ombe wa zizini si nyama ya chunguni. Kwa Wakurya, wenyeji wa huku, ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni nguvu ya kukokota plau, na hachinjwi kwa sababu tu watoto wamechoka na mboga za majani. Familia nyingi hula nyama ya sherehe, au hununua nusu kilo buchani siku fedha inapopatikana. Kwa hiyo nusu kilo hiyo ichaguliwe kwa akili.

Ng'ombe wa huku ni wa asili, mwenye nundu na pembe fupi, jamii ya zebu. Wa Tarime huhesabiwa kuwa koo mojawapo ya zebu wa Tanzania. Hana mwili mkubwa, hula majani ya porini, hutembea sana, na mara nyingi huchinjwa akiwa tayari mzee. Nyama yake ina mafuta machache na ladha nzito, lakini ni ngumu. Kadiri mnyama anavyozeeka na kufanya kazi, ndivyo tando na kano zinazofunga misuli yake zinavyokaza. Anayetaka kuikaanga dakika kumi kama wanavyofanya wapishi wa hoteli atajuta, na mtoto ataitema.

Ugumu mwingine unatokana na saa. Ng'ombe huchinjwa alfajiri na nyama kutundikwa ikiwa bado ya moto. Saa chache baadaye misuli hukakamaa, na huchukua siku kadhaa kulegea tena. Penye jokofu nyama huwekwa kwenye baridi mpaka ilainike yenyewe. Bucha la kijijini halina nafasi hiyo, kwa sababu joto likiiozesha nyama hakuna atakayeinunua. Basi ulaini unatafutwa jikoni, kwa moto na subira.

Kabla ya jikoni kuna buchani. La kwanza la kutazama ni mhuri wa mkaguzi kwenye mzoga. Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama Tanzania, inataka nyama inayouzwa iwe imetoka kwa mnyama aliyekaguliwa kabla na baada ya kuchinjwa. Mkaguzi huchana ulimi, moyo na misuli ya taya akitafuta malengelenge meupe madogo, ambayo ni viluwiluwi vya tegu. Tegu huyo hutoka kwa binadamu: mtu akijisaidia malishoni, mayai humezwa na ng'ombe pamoja na majani. Choo cha nyumbani, kwa maana hiyo, ni sehemu ya usafi wa nyama.

Nyama nzuri ni nyekundu, haitelezi mkononi, haina harufu kali, na ikibonyezwa kwa kidole hurudi. Mafuta ya manjano si dosari, kwani ng'ombe wa majani huwa hivyo. Nyama nyeusi na kavu inayonata mara nyingi ni ya mnyama aliyeswagwa umbali mrefu akachinjwa amechoka. Huharibika upesi, na ni afadhali kuiacha. Nzi nao wanasema yao kuhusu bucha lenyewe.

Kuna nyama ambayo haifai hata ikitolewa bure. Kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe, ni hatari kubwa, hasa akiwa amekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja. Hiyo ni dalili ya kimeta. Vijidudu vyake huvumilia moto wa kawaida wa jikoni na hukaa udongoni miaka mingi, na anayemchuna mnyama huyo huambukizwa kupitia ngozi. Asipasuliwe; aitwe afisa mifugo. Nyamapori inayouzwa kwa siri kandokando ya hifadhi haina mkaguzi wala mhuri, na licha ya kuwa ni kosa la jinai, hakuna anayejua mnyama yule alikufaje.

Kwa watoto, inayofaa zaidi ni steki, nyama isiyo na mfupa, kutoka paja au bega. Mchanganyiko ni wa bei nafuu, lakini bucha nyingi hukata mifupa kwa shoka, na vibanzi vidogo vya mfupa hubaki ndani ya nyama bila kuonekana. Mtu mzima huvitema, mtoto wa mwaka mmoja hawezi. Ikiwa mchanganyiko ndio pekee unaomudika, nyama itolewe kwenye mfupa baada ya kuiva na kupapaswa kwa vidole kabla ya kuwekwa sahanini. Sarara ni laini kuliko zote, ila bei yake haina faida yoyote ya lishe. Paja lina chuma kilekile.

Mpishi wa Tarime ana kikwazo ambacho wa Tanga hana. Kwenye nyanda zenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 badala ya 100. Joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kawaida na tegu, kwani hata nyama ya kusaga huhitaji nyuzi 71 tu katikati yake. Lakini zile tando ngumu hugeuka ute laini polepole zaidi, na nyama ya ng'ombe mzee huweza kutaka saa mbili hadi tatu. Kinachosaidia ni kukata vipande vidogo kwa kukatisha nyuzi za nyama, kufunika sufuria vizuri, na kuacha moto mdogo unaotokota badala ya moto mkali unaomaliza kuni. Papai bichi au maziwa ya jani lake, yakipakwa nyama nusu saa kabla ya kupikwa, huvunja nyuzi na kuokoa kuni. Chumvi na pilipili zisubiri: sehemu ya mtoto itolewe kwanza, ndipo wakubwa wakoleze ya kwao.

Hapa ndipo kosa kubwa zaidi hufanyika, na hufanywa kwa nia njema. Nyama hugawiwa wakubwa, na mtoto humwagiwa mchuzi juu ya ugali kwa kuwa "hana meno". Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta, lakini sehemu kubwa ya chuma na protini hubaki kwenye mnofu. Mtoto aliyepewa mchuzi hajapewa nyama. Meno si sababu, maana kinu kipo. Nyama iliyopikwa hadi inachambuka hutwangwa, ikachanganywa na uji wa ulezi au kiazi kitamu kilichopondwa, na mtoto wa miezi sita hadi minane anaila. Kijiko kimoja au viwili vinatosha kuanzia. Akikaribia mwaka anaweza kupewa iliyokatwakatwa laini kabisa, na baada ya hapo vipande vidogo vinavyochambuka kwa vidole. Nyama choma ya kutafuna si ya mtoto wa chini ya miaka minne. Ikimkwama kooni inaweza kumuua. Na chochote anachokula, ale ameketi.

Kichuri, ule mchuzi mchungu wa nyongo na maji ya majani ya tumboni ambao Tarime inajivunia, ni wa wakubwa. Unatoka mahali penye bakteria wengi mno.

Chuma cha nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko cha mboga, na nyama kidogo ndani ya mlo husaidia hata chuma cha mboga kufyonzwa. Ndiyo maana robo kilo iliyokatwa ndogo na kupikwa pamoja na mgagani au mnavu huwafaa watoto wanne zaidi kuliko kama ingeliwa peke yake na wawili. Nyanya, limau au chungwa huongeza faida hiyo. Chai huipunguza, kwa hiyo kikombe cha chai pamoja na nyama ni hasara; kisubiri saa moja au zaidi.

Maini yana chuma kingi na ni laini, lakini yana vitamini A kupita kiasi: gramu 100 hubeba mikrogramu 5,000 hivi, wakati kikomo cha mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni 600 kwa siku. Watoto wa Tanzania pia hupewa matone ya vitamini hiyo kila baada ya miezi sita. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Maini yenye mirija migumu au minyoo bapa yatupwe.

Nyama iliyobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili. Pasipo jokofu ni afadhali kupika inayotosha siku moja. Ikibaki ya usiku, ihifadhiwe imefunikwa mahali pa baridi na asubuhi ichemshwe upya hadi itokote yote. Ikiwa imebadilika harufu, asipewe mtoto hata baada ya kuchemshwa, kwa sababu baadhi ya sumu za bakteria haziharibiwi na moto.